Pengo la mbele, sukari na mkopo wa SACCOS: nianzie wapi?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Arumeru, nina miaka 49. Nafundisha darasa la kwanza na kazi hii naipenda. Miaka miwili iliyopita nilianguka na bodaboda karibu na Tengeru. Jino la mbele la juu, lile kubwa la katikati upande wa kushoto, likakatika hadi usawa wa fizi. Mzizi ulitolewa hospitalini, kisha nikatengenezewa jino la kuvaa, lenye kibao cha plastiki kinachokaa kwenye kaakaa.

Kibao hicho ndicho kinachonitesa. Nikitamka "sa, se, si, so, su" kinacheza, na kwa kuwa watoto wangu ndio kwanza wanajifunza silabi, wananiiga nilivyo. Darasa zima linasema "tha, the, thi". Nikikivua, wale wakubwa wa darasa la sita wananiita Mwalimu Pengo nikishageuka. Kwaya ya usharika nimeacha tangu Pasaka.

Chini kulia sina magego mawili. Moja lilitoka nikiwa chuoni, la pili baada ya kujifungua mtoto wa pili. Hayo sikuwahi kuyahangaikia, natafunia kushoto.

Mwezi uliopita binti yangu anayefanya kazi Dar alinipeleka kliniki moja ya binafsi mjini. Daktari alinitazama kidogo, akapiga picha ndogo ya eksirei, akasema niwekewe vipandikizi vitatu, yaani meno yanayofungwa kwa skrubu kwenye taya, mapengo yote yazibwe kwa mpigo mmoja. Kila jino milioni tatu na nusu, jumla milioni kumi na laki tano, na nikilipa ndani ya mwezi napunguziwa. Hakuniuliza kuhusu sukari, nami sikutaja. Binti anaweza kutoa milioni tatu. Zinazobaki ananishauri nikope SACCOS ya walimu, ambako bado sijamaliza mkopo wa mabati.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema kwa umri huu jino la milioni tatu la nini, nivae hilo hilo nililonalo. Daktari mwingine alinieleza habari ya daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni, lakini aliposema atasaga meno mawili ya jirani ambayo ni mazima, nikakataa. Mwalimu mwenzangu naye amenielekeza kwa fundi wa mtaani anayebandika jino la plastiki kwa gundi, unatoka nalo siku hiyo hiyo kwa elfu themanini. Yeye analo, linapendeza kwa mbali, ila siku hizi akiongea anaziba mdomo kwa mkono kwa sababu ya harufu.

Nina sukari tangu 2018, natumia metfomini. Asubuhi kabla ya kula inasoma 10, siku nyingine 11. Presha sina, sigara sivuti. Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki lakini nimezoea. Meno yangu ni ya kahawia kama ya wengi wetu huku kwa sababu ya maji, na naogopa nitawekewa jino moja jeupe likaonekana kuliko hata pengo. Halafu kuna wanaoniambia chuma cha hivyo vipandikizi kinaleta saratani.

Nianzie wapi?

Mwalimu, Arumeru

Marahaba, mwalimu.

"Fizi zinatoka damu lakini nimezoea." Anzia hapo. Fizi yenye afya haitoki damu kwa mswaki, na mtu mwenye sukari inayosoma 10 au 11 kabla ya kula hatakiwi kupasuliwa taya mwezi huu kwa sababu eti kuna punguzo la bei. Daktari anayekutajia vipandikizi vitatu bila kukuuliza una maradhi gani na unatumia dawa gani ameruka hatua ya kwanza kabisa ya kazi yake. Usirudi kulipa kabla ya kumaliza kusoma jibu hili.

Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo ni asubuhi kabla ya kula kipimo kiwe kati ya 4 na 7 hivi. Nenda kliniki yako ya sukari, waambie unataka kufanyiwa upasuaji mdogo wa mdomo, na uombe kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha sukari imekuwaje kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Lengo la kawaida ni kuwa chini ya asilimia 7. Madaktari wengi wa meno husita kuweka kipandikizi ikizidi 8, kwa sababu sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa kufunga, mfupa unajijenga taratibu na bakteria wa fizi wanastawi. Huenda metfomini peke yake haikutoshi tena. Hilo si la kuamua mimi wala wewe, ni la daktari wako wa sukari.

Wakati huo huo tafuta daktari wa meno akusafishe ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye meno, na asiishie kwenye ule unaoonekana, aingie hadi chini ya fizi. Huenda ukahitaji kurudi mara kadhaa. Gharama yake haikaribii kabisa ile ya kipandikizi kimoja, na faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: ugonjwa wa fizi na sukari vinachocheana, na fizi zikitulia hata sukari huwa rahisi kidogo kuidhibiti. Ukiacha fizi zilivyo ukaweka kipandikizi, bakteria walewale wanaokula mfupa kuzunguka meno yako watahamia kwenye kipandikizi. Na hapo hutasikia maumivu. Mfupa unapungua kimyakimya, hadi siku skrubu inaanza kucheza.

Sasa nikueleze kitu chenyewe, maana umetajiwa bei bila maelezo. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya metali iitwayo titaniamu inayozamishwa kwenye mfupa wa taya mahali palipokuwa na mzizi. Juu yake hufungwa kiungo kifupi, na juu ya kiungo huwekwa kofia yenye umbo la jino. Aliyefungua njia hii ni Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden. Mwaka 1952 alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa vifaa vidogo vya titaniamu, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umevikumbatia, havitoki. Mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa vipandikizi mwaka 1965, akaishi navyo zaidi ya miaka 40. Kwa hiyo hii si teknolojia ya majaribio, na saratani isikunyime usingizi: titaniamu ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na madaktari wa mifupa kwenye miguu na nyonga, na hakuna ushahidi kwamba vipandikizi vya meno vinaleta saratani.

Lakini mfupa hauikumbatii skrubu kwa siku moja. Kwa kawaida husubiriwa miezi mitatu hadi sita kabla ya kufunga kofia. Yapo mazingira ambayo jino la muda huweza kufungwa mapema, ila mwenye sukari isiyotulia si wa kukimbilia huko. Kipandikizi hakitoboki kama jino, ndiyo, lakini hudai usafi kuliko jino: mswaki mara mbili kwa siku, uzi au mswaki mwembamba wa kupitisha pembeni, na kumwona daktari kila baada ya miezi michache kwa mtu mwenye historia kama yako.

Mapengo yako matatu yasiwekwe kapu moja. Wala sioni sababu ya kuyalipia kwa pamoja.

Nianze na la nyuma kwa sababu ni jepesi. Kushoto una magego yote, unatafuna, hulalamiki. Tafiti za nchini mwetu zimegusa jambo hili hasa. Mwaka 2003 mtafiti Sarita na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania kwa mamia ya watu waliopungukiwa magego, wakaona kwamba aliyebaki na magego madogo yote pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana juu na chini, anatafuna vya kutosha. Wewe umezidi hapo. Isitoshe, pengo la miaka mingi huwa limebadilika: gego la juu hushuka kujaza nafasi, jirani wa nyuma huinama, mfupa huwa umesinyaa, na chini yake unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Kwa picha ndogo ya eksirei aliyopigwa mtu kwa dakika moja, hakuna anayeweza kukuhakikishia umbali kati ya ncha ya skrubu na mshipa huo. Ukiguswa, mdomo unaweza kubaki na ganzi kwa miezi, pengine moja kwa moja. Magego hayo yaache. Ukitaka kuyarudisha miaka ijayo, mlango haujafungwa. Hapo milioni saba zimebaki mfukoni, na mkopo wa SACCOS nao umepoteza sababu yake kubwa.

Jino la mbele ni habari nyingine, na kwa hili nipo upande wako kabisa. Mwalimu wa darasa la kwanza anatumia mdomo wake kufundishia. Mtoto anayeanza kusoma anatazama midomo yako na ulimi wako unapogusa nyuma ya meno, ndipo anapopata sauti. Mweleze hivyo baba watoto, na ikiwezekana mwende naye kwa daktari akae asikie mwenyewe. Huenda anachokiogopa ni deni kuliko jino, na hofu hiyo ina msingi.

Kwa pengo hilo una njia tatu za kweli.

Ya kwanza ni kipandikizi kimoja. Ugumu wake ni kwamba ukuta wa mfupa wa mbele wa meno ya juu ni mwembamba, na jino likitoka, mfupa hupungua upana, sana sana ndani ya mwaka wa kwanza. Kwako imepita miaka miwili. Huenda mfupa ukahitaji kuongezwa kwanza, na hilo lina bei yake na miezi yake. Ndiyo maana ni lazima upigwe picha ya CT ya taya, inayoonyesha upana na kina, kabla ya mtu kukutajia bei. Daktari makini pia atakuomba ucheke, aone mdomo wa juu unapanda hadi wapi. Kama fizi zako zinaonekana unapocheka, jino likikaa juu zaidi ya mwenzake kwa milimita moja tu litaonekana.

Ya pili hukutajiwa, nayo naipenda kwa mtu wa aina yako: daraja la kubandika. Halihitaji kusaga meno mawili kama lile ulilolikataa, na ulikuwa na haki ya kulikataa ikiwa majirani ni wazima. Jino bandia linakuwa na bawa jembamba upande mmoja, na bawa hilo linagundishwa kwa saruji maalumu nyuma ya jino moja la jirani, mahali pasipoonekana. Jino la jirani haliguswi, au linaguswa kidogo sana. Hakuna kupasuliwa, kwa hiyo sukari yako haina usemi mkubwa hapo, ingawa fizi lazima ziwe zimepona. Bei huwa chini ya kipandikizi kwa mbali. Yapo mambo mawili ya kuuliza. Meno yako yanaumanaje: kama ya chini yanagonga sana nyuma ya ya juu, bawa halitapata nafasi. La pili ni hiyo rangi ya kahawia. Maji yenye floraidi nyingi hubadilisha gamba la nje la jino, na pale madhara yalipo makubwa, gundi haishiki vizuri kama kwenye jino la kawaida. Likiwa la kahawia ila gamba ni gumu na linateleza ukiligusa, kuna matumaini. Likiwa na vishimo na linameguka, mwambie daktari akueleze wazi kabla ya kulipa. Daraja la namna hii likibanduka, mara nyingi hurudishwa. Tunza jino lenyewe, usijaribu kulirudishia kwa gundi ya dukani.

Ya tatu ni kutengeneza upya hilo la kuvaa. Lililochezacheza linaweza kuwa lilikaa vizuri siku ya kwanza, kisha mfupa ukapungua chini yake. Linaweza kutandikwa upya ndani, au ukatengenezewa lenye fremu nyembamba ya chuma, linaloacha sehemu kubwa ya kaakaa wazi. Ulimi ukipata nafasi, "sa" inarudi. Lolote uvaalo, livue usiku na ulilaze kwenye maji.

Kuhusu rangi, hofu yako ni ya kweli lakini ina dawa. Kofia ya jino haitoki kiwandani ikiwa nyeupe. Inatengenezwa na fundi sanifu wa meno kwenye maabara, na fundi mwenye jicho zuri anaweza kuichora mistari na mabaka ya kahawia yakafanana na ya jirani. Madaktari wa Arusha na Moshi wanayajua sana meno haya. Sisitiza rangi ichukuliwe kwenye mwanga wa mchana, mwanzoni mwa miadi, meno yakiwa na mate. Mdomo ukikaa wazi muda mrefu meno hukauka na kuonekana meupe kuliko yalivyo, na kofia iliyolinganishwa nayo wakati huo itakuja kuwa nyeupe mno. Mwombe apige picha ya meno yako akiwa ameshika kipande cha rangi pembeni, aitume maabara. Na kabla kofia haijafungwa moja kwa moja, toka nayo nje, ujitazame kwenye kioo chini ya jua, na binti au rafiki akutazame ukiongea.

Fundi wa mtaani hapana, mwalimu. Plastiki anayobandika hugandia papo hapo juu ya fizi na kukamata meno mawili ya jirani. Chini yake chakula kinaingia, mswaki hauingii. Ile harufu ya mwenzako ni fizi inayooza, na meno yaliyoshikiliwa pembeni huwa yanafuata. Sijui mtu mwenye sukari anayestahili hatari hiyo kwa elfu themanini, na vifaa visivyochemshwa ipasavyo vinaweza kukuachia homa ya ini. Mwenzako mwambie aende hospitali akaondolewe mapema, wala asione aibu. Tunawaona wengi, hatuwagombezi.

Ukifika kwa daktari utakayemchagua, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize ameweka vipandikizi vingapi vya meno ya mbele na omba kuona picha za kazi zake. Uliza bei iandikwe kwa mchanganuo: picha ya CT, kuongeza mfupa kama itahitajika, skrubu, kiungo, kofia, na miadi ya baadaye. Bei nyingi zinazotajwa kwa mdomo huwa ni ya skrubu peke yake, kofia inakuja kama mshangao. Na usiondoke bila kadi yenye jina la kampuni iliyotengeneza kipandikizi, kipenyo chake, urefu wake na namba yake. Miaka kumi ijayo kiungo kikilegea na daktari huyo amehamia Mwanza, kadi hiyo ndiyo itakayomwambia daktari mwingine atafute bisibisi ipi. Mtajie dawa zote unazotumia, na kama umewahi kupewa dawa ya kuimarisha mifupa, vidonge au sindano, aijue kabla hajagusa taya.

Fedha sasa. Milioni tatu za binti zinakaribia kutosha kwa jino moja la mbele, iwe kipandikizi bila kuongezwa mfupa au daraja la kubandika na chenji ikabaki. Kwa kuwa matibabu yenyewe huchukua miezi, kliniki nyingi hukubali kulipwa kwa hatua: sehemu siku ya skrubu, sehemu siku ya kofia. Ikibainika kuwa mfupa unahitaji kuongezwa na bei inapanda, usikope. Chagua daraja la kubandika au jino zuri la kuvaa, umalize deni la mabati, kisha uangalie upya. Mshirikishe binti katika hili, maana naona ana haraka ya upendo.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: wiki hii kliniki ya sukari, mwezi huu ugaga na fizi, na HbA1c irudiwe baada ya miezi mitatu. Ikishuka chini ya 8 na damu imekoma kwenye mswaki, ndipo upige picha ya CT. Kama itakuwa kipandikizi, omba kiwekwe mwanzoni mwa likizo ya Desemba, usifanye katikati ya muhula. Utavimba siku mbili tatu, na kibao chako cha sasa itabidi kichongwe sehemu inayogusa fizi ili kisikandamize kidonda, kwa hiyo siku za kwanza hutakuwa mtu wa kuongea sana. Siku hizo kula mtori na uji usio wa moto sana, makande yasubiri mwezi wa Januari, na dawa zako za sukari usiruke hata siku moja kwa kisingizio kwamba huli vizuri. Ukiona huwezi kula kabisa, piga simu kliniki wakuelekeze kipimo cha dawa.